Makao Makuu ya Mchungwa

Makao Makuu,
3 Februari

Mdogo wangu,

Sisi huku wazima, ila Mama analalamika kwamba meno yake mapya yanamfanya aongee kama mtangazaji wa redio. Shemeji yako goti linamsumbua kila panapokuwa na mfuko wa mbolea wa kubeba. Pakiwa na mpira wa kwenda kutazama, goti linapona. Wapwa zako wanakusalimu. Wifi yangu hajambo? Mwambie lile gauni alilonitumia limenitosha, na asiwasikilize wanaosema limenibana.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Dereva anayetuletea mbolea amepita kwako. Ameniambia umesimamisha bango kubwa kama godoro, limeandikwa KITALU CHA MICHUNGWA, basi, nukta. Nikamuuliza: hapakuwa na neno "Tawi" popote? Hata kwa herufi ndogo? Hata kwenye kona? Akasema alishuka kabisa kwenye lori akatazama, hakuliona.

Mdogo wangu, kitalu kiko kimoja, alichoanzisha Baba, na mchungwa mama uko mmoja, nao uko uani kwangu hatua chache kutoka dirisha la jikoni. Miche yote uliyowahi kuuza imetokana na mti huu. Kila mwaka, kama alivyoacha Baba, mimi nakukatia fungu la vijiti, wewe unapasua miche yako ya milimau na kuvibebesha humo vishike, kisha machungwa yako ya kwanza yanaletwa Mama ayaonje aseme kama bado ni chungwa lile lile. Bila vijiti vyangu ungekuwa unauza mapapai. Kwa hiyo wewe ni tawi. Andika.

Mimi kwa upande wangu nimeamua kuupa mti heshima yake. Fundi anaanza wiki ijayo kuujengea kijukwaa cha saruji kuzunguka shina, chenye vigae vyeupe, na bango la bati: SHINA ASILI. Diwani amekubali kuja kuzindua.

Usinipigie simu kuhusu jambo hili. Mambo ya matawi huendeshwa kwa maandishi.

Dada yako mkubwa,
Makao Makuu

*

19 Februari

Dada, shikamoo,

Huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu na anasema gauni lile alikupimia kwa macho, akasahau kwamba hajakuona tangu Krismasi ya mwaka juzi. Watoto wanamsalimu shangazi yao, wako shule, mkubwa amepata sita katika hesabu na anasema mwalimu ndiye amekosea. Mama mpe shikamoo zangu. Mwambie asome taarifa ya habari nimsikie.

Barua ya Makao Makuu nimeipokea. Niliisoma nimesimama, kwa heshima. Nikajaribu kuyakumbuka hayo Makao Makuu: choo kimoja, kitasa kinachofungwa kwa kamba, na mbwa mwenye upele. Bado yule mbwa ndiye katibu?

Bango langu lina maneno matatu kwa sababu mchora mabango huku anatoza kwa herufi. Lakini wacha niseme ukweli. Nina wateja wanaotoka mbali, wanalala kwenye magari yao wakisubiri nifungue. Wakisoma "Tawi" watauliza liko wapi shina, niwaambie nini? Liko kwa dada yangu, kata kushoto kwenye mashine ya kusaga, ukiona mtu anatukana kuku umefika?

Tena utani kando kidogo. Hicho kijukwaa sikipendi. Unakumbuka Baba alivyokuwa akipita kila asubuhi kufagia majani makavu yasirundikane chini ya mchungwa? Hakutaka hata udongo upande juu ya shingo ya mti, pale mche ulipobebeshwa. Alisema pakifunikwa panaoza. Kama ni lazima umpendezeshe diwani, mpe kiti akae. Mti uache.

Mdogo wako,
mwenye godoro

*

Makao Makuu,
14 Machi

Mdogo wangu,

Tuko salama. Mbwa amepona upele, anakushukuru kwa kumkumbuka. Mama meno ameyaweka kwenye kikombe na anasema atayavaa siku ya msiba wa mtu anayemchukia.

Kwanza, tawi halifundishi shina namna ya kusimama. Kijukwaa kimekwisha na kinameremeta hadi jirani amefunga pazia. Fundi ameshindilia saruji vizuri, hakuna hata ufa wa kupita sisimizi. Diwani alikata utepe, akaupigapiga mti mgongoni kama anampongeza mtu, akapiga picha, akala, akaondoka. Watu wamekuwa wakija kutazama. Wewe kwako huja nani kutazama?

Pili, nimeitisha kikao cha ukoo kuhusu neno la kukuita, usije ukasema nakuonea. Nilikuwa mwenyekiti. Baba Mdogo, aliyeendesha boza la maji maisha yake yote, alipendekeza "Kijito". Binamu yetu wa ofisini, yule anayekuja na kalamu mbili mfukoni na haandiki, akasema siku hizi husemwa "Kitengo". Mtu mmoja akasema "Chipukizi", tukalikataa kwa sababu una kipara. Shemeji yako akaropoka "Mchepuko". Nikamtazama. Nikamuuliza neno hilo limemjia vipi haraka hivyo, na goti lake likaanza kuuma papo hapo, akaomba ruhusa ya kwenda kulala.

Mama alikuwa pembeni anachambua mchele. Akauliza, "Machungwa yake yana utamu ule ule?" Tukamjibu ndiyo. "Sasa nyie mnagombania nini?" Hilo hatukuliingiza kwenye kumbukumbu za kikao.

Uamuzi: utaitwa Kitawi. Nilipiga kura mara mbili, moja yangu na moja ya mwenyekiti.

Dada yako mkubwa,
Makao Makuu ya Shina Asili

*

6 Aprili

Dada, shikamoo,

Sote wazima. Mkubwa safari hii amepata kumi na moja, mwalimu amerekebishika.

Mwambie Baba Mdogo kwamba vijito huingia mtoni, havitoki mtoni, na mtu aliyebeba maji miaka yote ile alipaswa kujua. Shemeji mpe pole ya goti.

Agizo la kikao nimelitekeleza. Neno "Kitawi" limeandikwa kwenye bango kwa rangi nzuri ya kijani. Liko upande wa nyuma, unaotazama tanki la maji. Ng'ombe wa jirani wanalisoma kila wakija kunywa, na hakuna aliyelalamika.

Sasa mimi nina jambo langu. Mvua zimeanza kunukia. Miche yangu ya milimau imefikia unene wa penseli, iko tayari kubebeshwa, na fungu la vijiti kutoka mchungwa mama sijaliona. Kila mwaka huja kabla ya mvua ya kwanza. Ninayo miti yangu ya kukatia, lakini unajua Mama anavyosema, kwamba mwaka usiotoka vijiti nyumbani ni mwaka ambao watu hawajasalimiana. Nakwenda stendi ya mabasi kila Ijumaa kuulizia kifurushi. Karani wa pale sasa ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani.

Mdogo wako,
Kitawi (upande wa nyuma)

*

28 Mei

Dada, shikamoo,

Sijui kama barua yangu ya Aprili ilifika. Sijui kama ng'ombe wamekuudhi. Sisi tu wazima, wifi yako alipata homa ikapita.

Vijiti havijafika na mvua imekwisha anza. Nimebebesha kwa vijiti vya hapa hapa. Sidai tena. Nauliza tu: Mama mzima? Wewe mzima? Ukinyamaza namna hii naanza kuzikumbuka kelele zako, na hilo sikutegemea kuliandika kwenye maisha yangu.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Mdogo wako

*

17 Juni

Mdogo wangu,

Mama mzima. Mimi mzima. Mvua zilikuwa nyingi na ua wa nyuma umeanguka, ikabidi tuusimamishe. Kuku wametaga vizuri. Jirani amefungua pazia lake tena. Nimemwajiri fundi mwingine wa bomba kwa sababu yule wa kwanza aliunganisha bomba la bafuni na la bustani, na kwa siku nzima tulimwagilia miche kwa maji ya sabuni. Bei ya mifuko ya miche imepanda. Baba Mdogo ana kikohozi. Mbwa ameota upele tena.

Vijiti sikutuma kwa sababu mti unapumzika. Majani yamepungua kidogo, ni msimu. Wataalamu wanasema mti mkubwa hupumzika.

Halafu, Makao Makuu yameona ni vyema kuanza kukagua ubora wa matawi. Kwa hiyo utume vijiti vyako, vingi kiasi, vyenye macho mazuri ya kuchipua, kwa basi la Ijumaa. Uvifunge kwenye gazeti lenye unyevu. Ni ukaguzi wa kawaida tu.

Dada yako

*

4 Julai

Dada, shikamoo,

Barua yako nimeisoma nikaigeuza nyuma kuona kama kuna nyingine. Ua, kuku, bomba, mbwa. Na mti umepewa mistari mitatu. Wataalamu gani hao? Wewe ambaye mtaalamu wa serikali alipokuja na begi lake ulimfukuza na ufagio leo una wataalamu?

Na ukaguzi wa kawaida umeanza lini? Shina linaomba vijiti kwa kitawi? Ng'ombe wameacha kunywa maji, wanacheka.

Vijiti situmi. Tuma kwanza vya kwako, kama alivyoacha Baba, ndipo ukague vyangu hadi uchoke. Badala yake natuma kikapu cha machungwa ya kwanza, Mama aonje. Hayo ni ya Mama, si ya Makao Makuu. Usimkatie wewe, mwache ayamenye mwenyewe.

Mti unaupumzisha, au umekushinda? Nijibu hilo moja, mengine acha.

Mdogo wako

*

Makao Makuu,
2 Agosti

Mdogo wangu,

Ulitaka kucheka, sasa cheka vizuri. Mti umechipua!

Tena haukuchipua juujuu kama miti ya watu wengine. Umechipua chini kabisa, ukapasua vigae vya diwani, kwenye shina lenyewe. Machipukizi manene, yanapanda kwa kasi nisiyowahi kuiona, majani mapana yanang'aa. Yale matawi ya juu yaliyokuwa yamechoka nimemwambia shemeji yako ayakate, na goti lake liliposikia shoka likakubali. Nilijua mti wa Baba haufi. Niliwaambia wote. Mama alionja machungwa yako, akasema "ndiyo haya," akanitazama mpaka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Fungu la vijiti nimelituma kwa basi la Ijumaa. Hivi ni vya asili hasa, vimetoka shinani, havijapitia tawi lolote. Tupa vya kwako, ubebeshe hivi, uanze upya. Na bango uligeuze.

Dada yako mkubwa,
Makao Makuu, Shina Asili (tunaendelea)

*

18 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hatujambo.

Kifurushi nilikipokea kwa mikono miwili, karani akanipongeza. Nikakifungua hapo hapo kwenye benchi la stendi. Kijiti cha kwanza kilinichoma kidole. Kina miiba mirefu kama njiti za kiberiti. Mchungwa wetu miiba yake ni midogo, tulikuwa tukiupanda kwa miguu mitupu, wewe ukiwa mbele ukinikanyaga vidole. Nikachuma jani nikalitafuna. Dada, ni limau.

Nawe unajua ni limau. Umebebesha miche tangu hujavaa viatu. Machipukizi yanayotoka chini ya shingo si ya mchungwa. Ni ya ule mlimau wa chini aliobebeshea Baba, umekosa mchungwa wa kubeba juu, ukaota kivyake. Kazi yetu sisi ni kuyakata machipukizi hayo kila yakitokeza. Wewe umeyalipia nauli ya basi.

Kwa hiyo mchungwa wa Baba umekufa. Ulioza shingo chini ya vigae vyako huku watu wanapiga picha. Nilikwambia mwezi wa pili, ukaniambia tawi halifundishi shina. Umeujengea kaburi ungali hai, Dada, ukamwita diwani akalizindue, halafu ukakaa miezi yote hiyo unaniandikia habari za kuku.

Nilikaa kwenye lile benchi mpaka basi la pili likaja na kuondoka. Nimelia. Wifi yako aliniuliza nani amefariki, nikamwonyesha kile kijiti.

Na sasa nikuulize lingine, maana nimekasirika na sina adabu leo. Kama mti ulibebeshwa juu ya mlimau, basi na Baba alikuwa na kijiti mkononi siku hiyo. Alikikata wapi? Hiyo asili unayoibandikia bati ilianzia kwa nani? Kamuulize Mama.

Mama anajua kuhusu mti? Usimdanganye. Akiuliza, mwambie.

Natuma vijiti kwa basi la Ijumaa. Vimetoka kwenye mti wangu wa kwanza kabisa, ule niliobebesha kwa kijiti ulichonikabidhi wewe mwenyewe asubuhi niliyohama, ukisema nikikiacha kikauke nisirudi nyumbani. Hicho hakikukauka.

Mdogo wako

*

23 Septemba

Mdogo wangu,

Mama mzima, shemeji yako mzima, wapwa zako wazima. Mimi nilikuwa sijambo mpaka barua yako ilipofika.

Ni kweli. Majani yalianza kuwa manjano mwezi wa nne. Nikasema ni jua. Mwezi wa tano gome likatoa utomvu, nikapanguza kwa kitambaa wageni wasione. Wageni, mdogo wangu! Nilipotaka kuvunja saruji nikakumbuka nilivyokujibu, nikaona heri nisubiri kidogo, pengine mti utajitengeneza wenyewe nisihitaji kukwambia. Machipukizi yalipotoka niliiona miiba. Niliiona siku ya kwanza. Nilivaa glovu ili nisiiguse, nikakuandikia barua ile ya kelele.

Nilikuwa namwogopa Mama. Kumbe Mama alijua zamani. Jikoni kwake ndiko dirisha liliko. Nilipokwenda kumwambia, nilianza kwa ua na kuku, akasema, "Malizia, chai inapoa." Nikamalizia. Akavaa meno yake. Nilidhani msiba aliokuwa akiusubiri ni wangu. Akachukua nyundo ya shemeji yako, akatoka uani na khanga yake, akaanza kuvunja vigae mwenyewe, mimi nikiomba nimpokee na yeye akisema, "Ulijenga wewe, wacha nibomoe mimi." Jirani alitazama mpaka mwisho.

Nikamuuliza ulilotaka nimuulize. Akacheka hadi meno yakahama. Baba alikuwa mfagiaji kwenye uwanja wa mahakama, huko walikoishi kabla hatujazaliwa. Palikuwa na mchungwa nyuma ya choo cha mahakimu. Alikata kijiti akakificha ndani ya kofia, akapita nacho getini huku akimsalimia askari kwa mkono badala ya kuvua kofia, na askari akamwona hana adabu. Ndiyo asili yetu hiyo. Nyuma ya choo. Nimewahi kumkaribisha diwani kwa hotuba ya nusu saa juu ya asili hiyo.

Vijiti vyako vilifika vizuri, unyevu ulitosha. Nilikagua, kwa mazoea. Sikupata kosa, na nilitafuta. Nimeyakata machipukizi ya mlimau nikabakiza yale yaliyonyooka zaidi, nikabebesha vya kwako juu yake, pale pale uani, nikafunga kwa nailoni. Nilifungua na kufunga tena kama mwanafunzi. Vingi vimekauka. Vitatu vimeshika, na kimoja jana kimetoa jani dogo kama sikio la panya. Nimefagia chini yake asubuhi na jioni. Mbwa akipita nampigia kelele.

Vikizaa, sitamwonjesha Mama kwanza. Nitakuletea wewe. Ule, utafakari, halafu uniambie kama ni lile lile. Na kama si lile, usinihurumie.

Bati la SHINA ASILI nimelifunikia banda la kuku. Mchora mabango alikuja akauliza aandike nini badala yake. Mama alikuwa akichungulia dirishani. Nikamtajia. Aliandika haraka, ni neno fupi.

Msalimie wifi. Mwambie gauni linanibana.

Dada yako,
Tawi

Na wewe hicho "Kitawi" cha nyuma ya bango, kifute. Kinatuaibisha sisi matawi.